Kupiga picha sayari ya Mshtarii (Jupita) ukiwa uani Arusha, na dawa ya skrini nyeusi

Juzi mdogo wangu wa Njiro kanipigia simu saa nne usiku. "Kaka, Mshtarii naiona kwa macho, kwenye lenzi naiona, nikiweka kamera haipo!" Nikacheka, maana jambo hilohilo liliwahi kunikesha siku tatu. Nikawasha pikipiki. Haya ndiyo tuliyofanya.

Hatua ya 1: Darubini

Yake ni Dobson, yaani darubini ya vioo inayokaa kwenye kitako cha kuzungusha kwa mkono, yenye kioo cha milimita 150, urefu wa fokasi milimita 1,200. Inatosha kabisa. Usikubali kuuziwa stendi ya ikweta, ile inayozunguka kufuata nyota, kwa kuanzia. Stendi hizo hulengwa kwa Nyota ya Kaskazini, na sisi tuko nyuzi 3 na kitu kusini mwa ikweta, hatuioni. Tena nyingi haziinami kufikia nyuzi chache hivyo. Chuma cha uzani kinagonga mguu. Dobson unaisukuma kwa mkono, basi.

Simu inafaa kwa Mwezi. Kwa sayari siipendi, inajiamulia mwanga yenyewe. Sisi tulitumia kamera ya sayari, ZWO ASI224MC, na lenzi ya Barlow ya mara 2, inayokuza picha mara mbili.

Hatua ya 2: Itoe nje mapema

Saa nzima kabla, kioo kipoe. Usilenge juu ya paa la bati la jirani: limechomwa jua kutwa, usiku linatema joto, na sayari inacheza kama kokoto chini ya maji ya mto. Ngoja ipande. Ila ikifika utosini kabisa Dobson inagoma kuzunguka, kwa hiyo piga ikiwa kwenye nyuzi 60 hivi juu ya upeo wa macho. Juni na Julai, wingu la Meru likishatanda, lala tu.

Hatua ya 3: Kuiingiza sayari kwenye kamera

Hapa ndipo watu wanapouza kamera zao.

Elewa kwanza udogo wa dirisha lako. Sensa ya kamera hii, kile kibati kinachopokea mwanga, ina upana wa karibu milimita 5. Kwenye darubini hii inaona eneo lisilofika nusu ya upana wa Mwezi. Ukiongeza Barlow, linabaki kama robo. Kwa hiyo Barlow weka pembeni. Mdogo wangu alianza nayo, nami nilianza nayo, kila mtu anaanza nayo.

Pili, fokasi ya kamera haiko pale ilipo ya lenzi ya jicho. Sayari inaweza kuwa katikati ya sensa ila mwanga wake umetawanyika mno hadi skrini ni nyeusi tupu. Kwa hiyo pandisha gaini (nguvu ya kamera kukuza mwanga hafifu) hadi mwisho, muda wa fremu weka milisekunde 300, kisha sogeza darubini polepole. Ukiona duara hafifu lenye tundu jeusi katikati, kama donati, umeipata. Tundu hilo ni kivuli cha kioo kidogo kilicho ndani ya darubini. Zungusha fokasi. Donati ikikua, unaenda siko.

Afadhali zaidi, fanya kazi hii mchana. Lenga mnara wa simu ulio mbali, kilomita kadhaa, kamera ikiwa imeshafungwa. Pata fokasi, kisha sawazisha darubini ndogo ya kulengea iguse ncha ileile ya mnara. Mimi nimebandika selotepu kwenye bomba la fokasi na kuchora mstari kwa kalamu. Usiku naanzia hapo. Lakini fanya hivyo ukiwa umelipa Jua mgongo. Likiingia kwenye darubini, jicho haliponi.

Tatu, na hili ndilo lililonitesa mimi: kebo. Ilikuwa inaning'inia na kuvuta bomba chini kidogo tu, kiasi cha kuitoa sayari nje kila nilipoachia mkono. Nilifungua vioo, nikavisawazisha upya mara mbili, kumbe kebo! Sasa naifunga kwenye bomba kwa mpira wa ndani wa baiskeli.

Ikishakaa katikati, ndipo uweke Barlow na kurekebisha fokasi tena.

Hatua ya 4: Rekodi

Video, si picha moja. Natumia programu ya FireCapture, ya bure. Fremu za milisekunde 5 hadi 10, faili la video la aina ya SER. Bila mota sayari inakatiza sensa kwa sekunde 28 hivi, kwa hiyo iweke ukingoni, achia, iache ipite, rudia. Vipande vyote viishe ndani ya dakika tatu: Mshtarii inajizungusha kwa chini ya saa 10, ukichelewa alama zake zinafifia.

Hatua ya 5: Unganisha

Programu tatu za kompyuta: PIPP kuiweka sayari katikati, AutoStakkert kuchagua fremu bora (naanza na asilimia 20), RegiStax kunoa. Ukiona ukingo mweupe kuizunguka sayari, umenoa kupita kiasi.

Picha ya mdogo wangu ilitoka na mikanda miwili ya mawingu na kidoa cheusi. "Vumbi hilo, kaka?" Vumbi haliwezi, sayari ilikuwa inatembea juu ya sensa, uchafu wowote ungefutika fremu zilipounganishwa. Tukafungua Stellarium, programu ya ramani ya anga, tukarudisha saa: kivuli cha Io, mmoja wa miezi ya Mshtarii. Saa nane usiku akaanza kumpigia mama.