Kabla hujalipia kozi ya akili mnemba

Kozi za akili mnemba (AI) zimezagaa, na nyingi zinauzwa kwa hofu: jifunze leo au kesho huna kazi. Kabla hujatoa hela, chukua karatasi uorodheshe unachofanya kazini wiki nzima. Cheo weka kando, andika shughuli zenyewe. Mhasibu, tuseme, anaingiza risiti kwenye mfumo, analinganisha daftari na taarifa ya benki, anamfuatilia mdaiwa msumbufu, anamweleza bosi kwa nini faida imeshuka. Mbili za kwanza programu ya akili mnemba inazimudu. Kwa mdaiwa itaandika barua, basi. Ya mwisho inamtaka mtu anayeijua ofisi ile, tena atakayeulizwa mambo yakiharibika.

Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa teknolojia hii, alisema tuache kufundisha madaktari wa kusoma picha za eksirei, maana ndani ya miaka 5, pengine 10, kompyuta ingewapita. Madaktari hao bado wanatafutwa. Lakini usibweteke: Shirika la Fedha la Kimataifa lilikadiria Januari 2024 kwamba karibu asilimia 40 ya ajira duniani zitaguswa, nyingine kwa kusaidiwa, nyingine kwa kupunguzwa.

Jipime pia kama unaijua fani yako kiasi cha kunasa kosa lililoandikwa kwa ufasaha. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha mahakamani kesi ambazo hazijawahi kuwepo. ChatGPT, programu ya akili mnemba inayojibu maswali kwa maandishi, ilikuwa imezitunga, na majina na nukuu juu. Kwa maoni yangu, uwezo wa kuhakiki una thamani kuliko ufundi wa kuiandikia programu maagizo, ambao kozi nyingi ndio zinauuza. Aliyeanza kazi juzi ndiye mwenye mtihani mgumu zaidi, kwa sababu kazi ndogondogo ambazo zingempa jicho hilo ndizo mashine inazozichukua kwanza.

Ulizia kanuni za mwajiri kuhusu siri za wateja. Samsung iliwapiga wafanyakazi wake marufuku kutumia programu za aina ya ChatGPT mwaka huohuo wa 2023, baada ya baadhi yao kubandika humo msimbo (code) wa ndani wa kampuni.

Halafu chagua shughuli moja kwenye karatasi yako, uijaribu na programu ya bure, bila kuiwekea taarifa za mtu. Hesabu muda wote, na wa kusahihisha umo. Usahihishaji ukimeza muda uliookoa, shughuli hiyo endelea kuifanya mwenyewe kwa sasa, ujaribu nyingine.