Jinsi ya kuomba kazi ya ukufunzi, utafiti au uhandisi kwenye chuo cha teknolojia cha umma

Wiki iliyopita nilikaa na mdogo wangu, mhitimu wa uhandisi umeme, tukaomba nafasi ya Mkufunzi Msaidizi. Naandika mambo yakiwa bado mabichi kichwani, kwa ajili yako unayevitazama vyuo vya Tanzania kama DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam), MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) au Nelson Mandela ya Arusha.

Hatua ya 1: Jua mlango

Ajira za kudumu hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma na huombwa kwenye Ajira Portal, mfumo wake wa mtandaoni. Kazi za mkataba kwenye miradi ya utafiti, mara nyingi chuo hutangaza chenyewe kwenye tovuti yake. Ukikodolea macho Portal peke yake, hizo za miradi zitakupita.

Hatua ya 2: Soma sifa

Mkufunzi Msaidizi kwa kawaida hutakiwa GPA (wastani wa alama za shahada) isiyopungua 3.8 kati ya 5. Kama huifikii, elekeza nguvu kwenye uhandisi, na usajili wako wa ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, uwe tayari. Umri usizidi miaka 45, isipokuwa kwa aliye tayari kwenye utumishi wa umma.

Hatua ya 3: Linganisha majina

Hapa simama kabisa. Kabla hujafungua akaunti, tandaza mezani cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), vyeti vya kidato cha nne na cha sita, na cha shahada. Soma jina herufi kwa herufi, kwa kidole.

Mdogo wangu alikuwa "Saidi" kwenye cheti cha kidato cha nne na "Said" NIDA. Herufi moja. Mwaka jana alisafiri usiku kucha kwenda kwenye usaili, akarudishwa wakati wa kuhakiki vyeti. Tulidhani kiapo cha mahakamani kingetosha, hakikutosha. Kinachotakiwa ni hati ya kubadili jina iliyoandaliwa na wakili kisha ikasajiliwa kwa Msajili wa Hati. Ile yenye muhuri wa wakili peke yake bado ni nusu ya kazi. Ianze mapema, maana tangazo hukaa hewani siku chache na hati haiwezi kukimbizana nalo. Ukishaipata, iskani pamoja na vyeti.

Angalia pia mpangilio: majina matatu huku na mawili kule nako huleta maswali. Na kama shahada yako ni ya nje ya nchi, ithibitishwe kwanza na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu.

Hatua ya 4: Skani

Nenda steshenari yenye skana ya kulaza karatasi. Picha za simu sizikubali: kivuli cha mkono hufunika namba ya cheti. Weka vyeti halisi na transkripti. "Result slip" na matokeo ya muda hayapokelewi. Cheti cha kuzaliwa kigongwe muhuri wa wakili.

Hatua ya 5: Barua

Iandike, ichapishe, isaini kwa kalamu, ndipo uiskani. Taja cheo kama kilivyo kwenye tangazo. Tuma kwa kompyuta, siku mbili kabla ya mwisho. Usiku wa mwisho mfumo huelemewa.

Hatua ya 6: Usaili

Ingia kwenye akaunti kila asubuhi. Ukiitwa, beba vyeti halisi vyote, kitambulisho, na ile hati ya jina iwe juu kabisa ya bahasha.