Kujenga Piper Cub ya mita 2.7 ya kurusha kwa rimoti

Ndege ndogo ya povu ikianguka unaokota vipande, unapaka gundi, jioni unarusha tena. Hii ya kilo 7 au 8 yenye injini ya petroli ikianguka, kwanza unakimbia kuangalia kama hakuna mtu pale chini. Ndiyo maana nitakaa sana kwenye waya, swichi na mizani, na nitapita haraka kwenye yale ambayo kila mtu hupenda kuyapiga picha.

Nimechagua Piper J-3 Cub, robo ya ukubwa wake. Ndege yenyewe ilitengenezwa Lock Haven, Pennsylvania, Marekani, kati ya 1938 na 1947, na toka ncha ya bawa hadi ncha ni mita 10.7. Bawa limenyooka, kiwiliwili ni kama sanduku, kwa hiyo fundi anayeanza ndege kubwa anaiweza. Agiza seti ya vipande vilivyokwisha kukatwa kwa leza; balsa nzuri, mbao nyepesi sana ya ndege hizi, inatoka Ekuador, hutaikuta duka la mbao la mtaani.

Hatua ya 1: meza. Bawa likijengwa juu ya meza iliyopinda litapinda, na hakuna pasi itakayolinyoosha baadaye. Mimi natumia mlango wa zamani wa mbao nzito juu ya stuli nne. Vuta uzi toka kona hadi kona uone kama kuna bonde, kisha tandika mchoro na juu yake nailoni ili gundi isishike karatasi.

Jenga bawa la kushoto, geuza mchoro, jenga la kulia. Usicheke. Mtu aliyewahi kujenga mabawa mawili ya kushoto namjua vizuri, kila asubuhi ananyoa ndevu kwenye kioo changu. Kuelekea ncha, inua ukingo wa nyuma kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mchoro, mara nyingi digrii 2 hivi. Msokoto huo ndio unaozuia ncha isipoteze nguvu mapema ndege ikipunguza mwendo, maana ikipoteza, bawa moja linadondoka na ndege inageuka tumbo.

Hatua ya 2: gundi. Mbavu za balsa zinatosheka na gundi ya mbao. Ukuta wa injini, miguu ya magurudumu na vishikio vya nguzo za bawa vinataka epoksi inayoshika kwa dakika 30, ile ya dakika 5 iache kabatini. Nguzo za Cub si pambo, zinabeba bawa angani.

Hatua ya 3: ngozi. Filamu ya plastiki inayovutwa kwa pasi. Jaribu joto kwenye kipande cha ziada kwanza. Njano, mstari mweusi, basi.

Hatua ya 4: injini. Ya cc 30 hadi 35 ya mipigo miwili, jamaa wa ile ya msumeno wa mnyororo, na propela ya inchi 18 kwa 8 au jirani yake. Kila bolti ya injini ipate gundi ya kushika nyuzi, kwa sababu mtetemo hufungua kila kitu. Mipira ya mafuta iwe ya petroli. Ile ya silikoni ya ndege ndogo itavimba na kuchomoka.

Hatua ya 5: umeme. Hapa tupunguze mwendo.

Ndege yangu kubwa ya kwanza iliuawa na swichi. Ilikuwa swichi ndogo ya kusukuma iliyokuja bure ndani ya boksi. Nikiwa kwenye kona ya tatu, ndege ikanyooka na kugoma kugeuka, ikaenda hivyo hivyo hadi ikaingia kwenye mkonge. Nilipoifikia, ukiigusa swichi kwa kidole taa ya risiva (kipokeo cha mawimbi ya rimoti ndani ya ndege) inawaka, ukiiachia inazima.

Tangu hapo naweka betri mbili za LiFe (aina ya lithiamu) za volti 6.6, kila moja na swichi yake na njia yake hadi kwenye risiva. Moja ikifa, ya pili inatosha kunirudisha chini. Mfumo wa cheche za injini una betri yake ya tatu, na vitu vyake vyote vinakaa mbali na risiva, walau sentimita 25. Fimbo ya kuvuta kabureta iwe ya plastiki, maana ya chuma hubeba kelele za cheche hadi kwenye sevo, vile vijimota vinavyosukuma kabureta, usukani na vibao. Sevo za mkia na mabawa ziwe na nguvu ya kilo 8 au zaidi kwa sentimita, na kila kiungo ukitikise kwa vidole: kikicheza, hakijaisha.

Kisha zima rimoti, injini ikiwa imezimwa, uangalie kabureta. Lazima ijifunge yenyewe, ili ndege ikipoteza mawimbi ya rimoti injini ipungue.

Hatua ya 6: mizani. Bawa lina upana wa sentimita 40. Pima sentimita 11 hadi 12 toka ukingo wa mbele, tia alama, inua ndege hapo kwa vidole viwili, tangi likiwa tupu. Pua ishuke kidogo. Mkia ukishuka, sogeza betri mbele kabla ya kuongeza uzito wa risasi puani. Gramu 1 ya ziada mkiani inadai karibu 3 puani, kwa hiyo epoksi ya mkiani ipake kwa ubahili.

Hatua ya 7: uwanjani. Ndege ya uzito huu ina sheria zake. Uliza mamlaka ya usafiri wa anga, kwa Tanzania TCAA, kwa Kenya KCAA, na uombe ruhusa ya mwenye shamba. Weka rimoti kwenye hali ya nguvu ndogo, tembea hatua 30, sevo zote zijibu. Rudia injini ikiwa inaunguruma, mtu akiwa ameshika mkia na wengine wote wako nyuma ya propela.

Halafu vibao vya kugeuzia ndege, vile vya ukingo wa nyuma wa mabawa. Fimbo kulia, kibao cha kulia kiinuke. Mwaka jana nilishaanza kusukuma mafuta mpwa wangu akaniita, "Mjomba, mbona hicho kimeshuka?" Nilikuwa nimeiwekea sevo mwelekeo wa kinyume kwenye rimoti. Nilizima nikakaa chini ya mti dakika kumi.

Cub ikiruka huvuta kushoto, basi peleka usukani wa mkia kulia taratibu, na usipindishe kwa mabawa peke yake. Dakika 6 zinatosha siku ya kwanza. Ukitua, chaji kila betri peke yake na uandike ni mAh ngapi (kipimo cha umeme wa betri) zimerudi. Moja ya zile mbili za risiva ikila zaidi sana kuliko dada yake, kuna hitilafu kwenye betri, swichi au waya wa mojawapo. Itafute kabla ya kujaza tena mafuta.