Stresi ikikubana: mchicha, ndimu, na uache kusukutua na dawa

Stresi ikikushika mwili unamwaga adrenalini na kotisoli (homoni za stresi), moyo unaenda mbio, mishipa ya damu inajikaza. Sasa kuna gesi mwili unaitengeneza wenyewe kwenye kuta za mishipa, naitriki oksidi, kazi yake kuilegeza hio mishipa ili damu ipite (wamarekani watatu walipewa Nobel 1998 kwa hio kazi). Shida stresi ikikaa sana inazidisha zile chembe haribifu za oksijeni, na hizo zikikutana na naitriki oksidi zinaimaliza palepale, ndo hapo antioksidanti kama vitamini C zinasaidia, zinazizima mapema.

Kwa hio unataka vyote viwili kwa sahani moja, cha kutengeneza hio gesi na vitamini C ya kuilinda. Mchicha una naitreti nyingi, mwili unaigeuza kuwa hio gesi. Uoshe kwanza ndo ukate, na tafadhali usiuchemshe kwa maji tele halafu umwage, naitreti nyingi imeenda na maji. Kaanga kitunguu, tia mchicha, funika dakika chache uive kwa maji yake, tui zito mwisho ukipenda. Ndimu kamulia ukishaepua, vitamini C haiwezani na moto. Kando juisi ya ubuyu, lakini sio ule mwekundu wa sukari na rangi tunaotafuna barazani, huo ni peremende tu jamani, tafuta unga mkavu ukoroge na maji baridi. Naitreti inachukua kama saa mbili tatu kufanya kazi, so kama una kikao cha mahari saa kumi, kula saa saba.

Halafu hii wengi hawajui, naitreti inageuzwa na bakteria wa ulimini, ukisukutua kila siku na dawa ya kuua bakteria umewaua hao na mchicha wako umekula bure kiasi. Mswaki watosha.

Jioni tembea pwani mpaka Shela hapa Lamu mdomo umefunga, puani pia kuna hio gesi, na ukitoa pumzi ukivuma mmmm inatoka nyingi zaidi, punda watakuangalia tu.

Vidonge vya antioksidanti mi siwashauri, vile vya betakarotini (ile rangi ya karoti) vilionekana kuwazidishia wavuta sigara kansa ya mapafu. Mwenye dawa za presha asiziache, na mwenye mawe ya figo amuulize daktari kabla ya kujaza mchicha. Na ukila bitruti, nayo ina naitreti, ukaona mkojo mwekundu usiamshe nyumba nzima usiku, ni rangi yake, ila kama hujaila nenda ukapimwe.