Gari linachemsha kwenye foleni tu? Pima umeme wa feni kwanza

Gari linalochemsha kwenye foleni, kisha joto likashuka ukishika barabara ya wazi, lina kila dalili ya feni isiyofanya kazi. Kwenye mwendo, upepo unaipoza rejeta. Mkisimama, kazi yote ni ya feni, na kwenye magari mengi feni ni ya umeme. Inaniuma sana mtu akifunguliwa silinda hedi kwa kosa la fyuzi. Tafuta maltimita (kipima umeme) na waya mnene wenye fyuzi, uanze.

Hatua ya 1. Injini ikiwa baridi, hakikisha maji yapo. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto. Weka mikono mbali na feni, maana kwenye baadhi ya magari huzunguka hata ukiwa umezima.

Hatua ya 2. Washa injini, kisha AC. Feni ya rejeta ikizunguka, mota ni nzima. Nenda hatua ya 5.

Hatua ya 3. Kagua fyuzi ya feni kwenye boksi chini ya boneti. Nyingi ni za ampea 30 au 40. Usiiamini kwa macho, ipime. Ikiwa imeungua, rudishia ya ampea zilezile. Ikiungua tena, mota imekaza au waya umechubuka unagusa bodi. Anayekuwekea fyuzi kubwa zaidi anakuchomea nyaya.

Hatua ya 4. Chomoa rilei ya feni, yaani swichi ndogo ya umeme inayoiwasha. Kwenye soketi yake, unganisha tundu la 30 (umeme unapoingilia) na la 87 (unapotokea kwenda kwenye feni) kwa ule waya. Feni ikizunguka, mbovu ni rilei au upande unaoiamrisha. Jaribu rilei nyingine inayofanana nayo.

Isipozunguka, ipe mota umeme wa betri moja kwa moja. Ikikataa, mota imekufa. Ikikubali, shuku ethi, yaani waya hasi unaofungwa kwenye bodi, na hapa wengi hupotea: taa ya tasta (ya kupimia umeme) hula umeme kidogo, kwa hiyo huwaka vizuri hata ethi ikiwa imeoza. Rudisha plagi ya mota, unganisha tena 30 na 87, kisha pima volti kati ya waya hasi wa mota na hasi ya betri. Ikizidi nusu volti, fungua ethi, sugua mpaka chuma king'ae, kaza. Magari ya pwani huugua hili sana kwa sababu ya chumvi.

Hatua ya 5. Asubuhi, kabla ya kuwasha, soma sensa ya joto la injini, inayoamua feni iwake lini, kwa mashine ya OBD (ya kusomea kompyuta ya gari). Inapaswa kukaribiana na joto la hewa. Ikisoma nyuzi -40, waya umekatika au plagi imelegea.

Usikubali feni iungwe dairekti kwenye swichi ya funguo. Itazunguka muda wote, mota itachakaa mapema, na kosa litabaki palepale.

Ukimaliza, acha injini iungurume gari likiwa limesimama mpaka feni iwake na kuzima yenyewe mara mbili. Ikifanya hivyo na joto bado linapanda, sasa kagua thamostati, pampu ya maji na rejeta.