Somo: Ushirika wako ukipandishiwa bei ya jumla ya umeme, pingamizi peke yake halitoshi (FERC, tume ya shirikisho inayodhibiti nishati, Marekani)

Swali la namna ya kupinga bei mpya ya jumla linarudi kila mwezi, kwa hiyo naandika mara moja. Ni kwa walio kwenye bodi au ofisi za ushirika wa kusambaza umeme vijijini, unaonunua kwa jumla kutoka ushirika mkubwa wa uzalishaji, kama Tri-State ya Colorado.

1. Mjue mdhibiti. Muuzaji mwenye mkopo wa RUS (shirika la serikali kuu linalokopesha miradi ya umeme vijijini), au anayeuza chini ya MWh milioni 4 kwa mwaka, hayuko chini ya FERC. Huyo muulizie jimboni: Kentucky, kwa mfano, tume ya jimbo ndiyo inayopitia bei za East Kentucky Power.

2. Pakua jalada zima la maombi ya bei kwenye eLibrary, maktaba ya mtandaoni ya FERC. Namba ya shauri huanza na ER.

3. Piga hesabu yako. Asilimia inayotangazwa ni wastani wa wote. Tuseme mnachukua kW 5,000 saa ya kilele (saa ambayo umeme unavutwa zaidi) na MWh 2,000 kwa mwezi. Tozo ya kilele ikitoka dola 18 hadi 21 kwa kW, na nishati dola 42 hadi 43 kwa MWh, bili inatoka 174,000 hadi 191,000, karibu asilimia 9.8. Mwenzenu mwenye kilele hichohicho lakini MWh 2,700 anapandishiwa 8.7.

4. Omba kuwa mhusika wa shauri. HAPA ndipo watu wanapoumia. Pingamizi linasomwa, lakini halikufanyi mhusika. Asiye mhusika hawezi kuomba uamuzi upitiwe upya, na bila hatua hiyo mahakama ya rufaa haifikiki. Andika nyaraka mbili, au moja yenye kichwa kinachotaja yote mawili: ombi la kuwa mhusika, na pingamizi. Mwisho kwa kawaida ni siku 21 tangu bei iwasilishwe, lakini fuata tarehe iliyo kwenye tangazo. Mfumo wa FERC wa kupokea nyaraka unafunga saa 11 jioni ya Washington, yaani saa 9 alasiri Colorado. Ukituma saa 9 na dakika 5, unahesabiwa umetuma siku ya kazi inayofuata. Nakala iende kwa kila aliye kwenye orodha rasmi ya wahusika.

5. Pingamizi liguse namba. Mzigo wa kuthibitisha ni wa anayepandisha, lakini tume haitakuchimbia makosa. Kagua makisio ya mauzo (yakishushwa, gharama kwa kila kWh inapanda), kasi ya uchakavu wa mitambo ya makaa, na ziada wanayotaka juu ya riba: masharti ya RUS kwa wazalishaji ni TIER (ziada pamoja na riba, ukigawa kwa riba) ya 1.05. Omba bei isitishwe miezi 5 na marejesho yenye riba. Kwa kawaida miezi 5 hutolewa tume ikiona zaidi ya asilimia 10 ya ongezeko huenda haistahili.

6. Subiri siku 60 tangu bei iwasilishwe. Tume ikikaa kimya, bei inaanza kutumika.

MASWALI

nguzo_7: Kwa hiyo tukituma barua ya malalamiko bei haipandi?
— Soma hatua ya 4 na ya 6.

mjumbe_wa_bodi: Tumechelewa siku tatu. Tutume tu?
— Tumeni leo, na mueleze sababu ya msingi ya kuchelewa. "Tulikuwa na shughuli nyingi" si sababu. Na msiniulize kama itakubaliwa, hiyo ni hiari ya tume.

mama_wa_mahindi: Mwalimu, kilele kinachotozwa ni chetu au cha mfumo mzima? Pampu zetu za umwagiliaji ndizo zinazovuta sana.
— Swali zuri sana, dada. Tazama maneno ya mkataba wa bei. Kama ni kilele cha mfumo mzima, pampu zenu zinaweza kuvuta usiku bila kuwaongezea tozo. Mkizima kW 200 saa ya kilele hicho, kwa dola 21 mmeokoa 4,200 mwezi huo. Kama ni kilele chenu wenyewe, kuhamisha pampu zote usiku kunaweza kuzaa kilele kipya saa 4. Zipangeni kwa zamu.

fundi_dar: Huku kwetu Tanzania EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, hufanya taftishi (uchunguzi wa wazi) kabla ya kubadili bei. Ni kitu kimoja?
— Lengo ni moja, kaka, kupima gharama kabla mlaji hajabebeshwa. Tofauti ni kwamba FERC mambo mengi yanaishia kwenye karatasi.

mama_wa_mahindi: Na matenki ya maji moto?
— Hayo ndiyo rahisi kuliko pampu. Swichi ya mbali inayakata kwa saa mbili, na maji yanabaki moto.