Usichome insulini chakula kikiwa bado jikoni

Wenzangu mnaochoma insulini ya kabla ya kula, nawaomba sana: msichome kwa kuambiwa tu kwamba wali unakaribia kuiva. Gesi huisha, mkaa hugoma, na dawa ikishaingia haingoji mtu, inashusha sukari ya damu hata kama hujala. Mimi nasubiri mpaka nione sufuria imeepuliwa.

Mfukoni sikosi sukari niliyoifunga kwenye kikaratasi, vijiko vitatu hivi vya chai, kama gramu 15. Jasho jembamba likinitoka na mikono ikitetemeka, dalili za sukari kushuka, napima sukari ya damu. Ikiwa chini ya 4.0 mmol/L (kipimo cha sukari ya damu) nailamba ile ya kikaratasi yote palepale, hata ndani ya daladala. Kama huna kipimo, lamba tu, usisubiri. Dakika 15 baadaye napima tena. Nusu chupa ya soda nayo inafaa, ila ile isiyo na sukari haisaidii kitu.